Pindo la Nne

11 Februari

Mama mkwe,

Shikamoo. Mfikishie na Mzee shikamoo yake, umwambie kwa sauti ya juu asije akadhani nimemsahau. Mimi ni mzima. Kazi ipo. Tunaweka vigae kwenye jengo la ghorofa nne, vyoo vyote, ukuta na sakafu, na mwenye jengo kabadilisha rangi kwa hiyo sasa tunabandua tulichobandika. Wenzangu wananung'unika. Mimi naona sawa tu, mikono ikiwa na shughuli siku inapita.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunashindwa. Unaniuliza kama nimekula, nakwambia nimekula, halafu tunabaki kusikilizana pumzi mpaka mmoja wetu akate.

Mama, nina swali, na ni la kazi yako. Lile blanketi la viraka alilokuwa anashona Kitinda lipo. Katikati kumekamilika, viraka vya bluu na vyeupe, na mapindo yote manne yameshaungwa pembeni. Bado kutia pamba na bitana tu. Mapindo ni kile kitambaa cha ndege ulichompa wewe, wale wanaokaa wawili wawili kwenye tawi wakitazamana. Unajua kwamba kwenye kona pindo hukatwa mshazari, likaungana na pindo lenzake lililokatwa vilevile, na ndege wa huku anakutana na wa kule mdomo kwa mdomo. Sasa kuna kona moja hawajakutana. Mmoja amesimama, mwenzake yuko kichwa chini miguu juu. Nataka kuirekebisha kabla sijalifunga. Nifanyeje? Na kama kitambaa hicho kilibaki kwako, hata kipande, naomba.

Hapa nyumbani hakuna jipya. Dirisha la chumbani nililiziba lile lililokuwa linavuja.

Mkweo,
Fundi


3 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya saruji, nikajua ni wewe kabla sijaifungua. Sisi tupo. Mzee nyonga yake imeunga lakini imeunga kwa mapenzi yake yenyewe, sasa anatembea akienda upande kidogo. Anafika getini na fimbo, anarudi, anagombana na redio. Nilimpigia kelele ya shikamoo yako. Akajibu marahaba, halafu akauliza nani.

Haya, kona. Nashangaa mtu anayelipwa kwa kazi ya kona ananiuliza mimi habari za kona. Pindo la nakshi halianzii pembeni, linaanzia katikati. Unakunja blanketi nusu, unatia alama katikati ya kila upande. Unachukua kitambaa, unatafuta nafasi kati ya ndege wawili wanaotazamana, hiyo ndiyo inakaa juu ya alama. Ukifanya hivyo pande zote nne, basi ncha zote zitakwisha mahali pamoja kwenye nakshi, na ukikata mshazari watakutana wenyewe. Usiwavute. Kitambaa kikivutwa kinanuna.

Tena ndege hao wamechapwa miguu yao ikielekea ule ukingo mgumu, ule ambao kiwanda huufuma ili kitambaa kisifumuke. Wengine huukata na kuutupa. Mimi huuacha, unakaa upande wa nje mpaka siku ya kutia utepe wa mwisho. Na Kitinda ndivyo nilivyomfundisha.

Kitambaa kilikwisha.

Lakini kuna jambo, mwanangu. Umesema kona moja. Kona moja haiwezi kuharibika hivyo peke yake. Pindo lina ncha mbili. Kama ndege wako kichwa chini ncha hii, wako kichwa chini na ncha ile. Hebu angalia tena. Na uniambie Kitinda alilishona lini hilo pindo, maana tangu akiwa na miaka kumi na mbili hakuwahi kunigeuzia ndege hata mmoja.

Kula vizuri, siyo chai na mkate kila siku.

Mama mkweo


2 Aprili

Mama mkwe,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa tunakabidhi ghorofa ya pili. Nafurahi Mzee anafika getini. Mwambie hata ukuta wetu mmoja umeenda upande kidogo na mwenye jengo hajagundua.

Ni kona mbili, kama ulivyosema. Pindo zima la upande wa dirishani, yaani ule unaokaa dirishani blanketi likitandikwa kitandani. Ndege wote wa pindo hilo wako kichwa chini.

Hilo la kuanzia katikati nimelielewa mara moja. Hata sisi chumba tunakianzia katikati, tunapiga mistari miwili ya chaki, la sivyo utafika ukutani na kipande chembamba cha kigae kinachokucheka. Kwa hiyo nimewaza: nikifumua pindo lile, nikaligeuza, miguu ikaja nje, si itakuwa imekwisha? Nisingehitaji kitambaa kingine.

Tarehe liliposhonwa sikumbuki.

Dada yangu alikuja. Amekunja nguo zake Kitinda na kuzichukua, nilimruhusu. Cherehani nimeiacha ilipo. Dada aliniuliza kama silali, nikamwambia nalala. Kweli nalala, mama, nalala sana, naamka nimechoka vilevile. Blanketi nalikunja naliweka upande wake wa kitanda.

Fundi


20 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Mvua imeharibu bustani ya jirani na sasa anaazima ya kwetu kwa macho. Mzee kapewa kile kifaa cha sikio. Anakivaa akitaka yeye, na ukimwambia jambo asilolitaka anakizima mbele yako.

Haligeuziki. Fikiri kama fundi. Pindo limeshakatwa mshazari ncha zote mbili, kwa hiyo lina upande mrefu na upande mfupi. Upande mrefu uko nje. Ukiligeuza, mrefu unakuja ndani na mfupi unakwenda nje, na kona zako zitakuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Aliyelikata alilikata vizuri sana. Alilikata tu likiwa limegeuka.

Umesema tarehe hukumbuki. Wewe unakumbuka mpaka vipimo vya choo ulichoweka mwaka wa harusi.

Nitumie hilo blanketi. Kaka yake Kitinda atapita kwenu na lori mwezi ujao, mpe yeye. Nataka kuliona kwa macho yangu. Mimi mwanangu sikumwona. Nilikuwa nimekaa na Mzee na nyonga yake, nikipiga simu, naambiwa anaumwa kichwa tu, atapona. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa.

Kuna mtu mazishini alisema macho ya mkwe ni makavu. Nilimwambia afunge mdomo wake. Lakini na mimi nilikuwa nimeyaona, na nikijiangalia, hata yangu yalikuwa hivyohivyo. Mpaka leo napika, nafagia, naongea na watu. Sijui nilichonacho ni nini. Hata huzuni siisikii sawasawa.

Mama mkweo


15 Mei

Mama mkwe,

Shikamoo, na Mzee.

Shemeji ndiye anayekuletea. Nimelifunga kwenye shuka na nje nikatia nailoni, mvua isilipate. Nimemwambia asiliweke chini ya mzigo wowote, akanitazama kama mwendawazimu, lakini kaliweka mbele kwenye kiti.

Nakuomba usifumue kitu.

Fundi


9 Juni

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Shemeji yako alifika salama, alikunywa chai akasinzia kwenye kiti na kikombe mkononi. Mzee anakusalimu, safari hii alikumbuka nani.

Blanketi nimelitandika kwenye meza karibu na mlango, penye mwanga. Nimekaa nalo. Nimeligeuza upande wa nyuma, maana mbele ya kazi huongopa, nyuma haiwezi.

Mapindo matatu ni ya mwanangu. Kitinda ana mkono wa kushoto, nilishindwa kumbadilisha, nikaacha. Mshono wake unaanzia upande ambao wewe na mimi tungemalizia, na mwanzoni hurudi nyuma hatua mbili ndogo ili uzi ushike. Nimeziona zote. Pindo la nne limeanzia upande mwingine. Halina kurudi nyuma, lina fundo, tena fundo la kamba ya kufungia gunia. Na mshono wenyewe umenyooka kupita kiasi, kama uliopigwa mstari kwa rula na kalamu ya fundi ujenzi. Kwa kweli huo mstari bado upo, umepigwa kwa ile penseli yenu nene, nimeuona.

Huo ni mkono wako.

Sikukasirikii kushona. Nakuuliza kitu kimoja. Kwa nini mwanangu hakushona pindo lake mwenyewe? Nilikuwa nampigia kila juma. Namuuliza, unafanya nini, ananijibu, nashona mama. Mpaka mwisho aliniambia anashona.

Nijibu hilo. Habari za jengo utaniandikia siku nyingine.

Mama mkweo


30 Julai

Mama mkwe,

Shikamoo. Shemeji alipita, akaniambia unauliza kama niliipata barua. Niliipata. Ilikuwa mfukoni mwa ovaroli, nikaenda nayo kazini na kurudi nayo. Jengo tumelimaliza. Sasa niko kwenye duka la dawa, sakafu tu.

Kitinda alikuwa haoni.

Ilianza kidogokidogo. Alikuwa anashindwa kutunga uzi, anacheka, anasema sindano za siku hizi matundu yake ni ya uongo. Nikawa namtungia. Halafu akawa anagonga mlango uliofunguka nusu. Hospitali walisema ni kitu kichwani kinabana, na kwamba macho yatatangulia. Yalitangulia. Aliniapisha nisikwambie. Alisema wewe na Mzee na ile nyonga, ukisikia utaacha kila kitu uje, na ukija utamtazama vile unavyomtazama mtu, hataweza kuvumilia. Nilikubali. Nilidhani tutakwambia akipata nafuu.

Pindo la tatu alilimaliza akiwa anaona mwanga tu. La nne hakuweza. Lakini kila siku alikuwa analiuliza. Kwa hiyo nikamwambia nitashona mimi, yeye anielekeze. Alikaa kitandani, mimi kwenye cherehani, mlango wa chumba wazi. Alinielekeza kama unavyonielekeza wewe, maneno yaleyale, anzia katikati, usivute. Nilipima, nikapiga mstari, nikakata. Kukata mshazari ni kazi yangu. Lakini nilikuwa nafanya upande wa nyuma wa kitambaa, ambako ndege hawaonekani vizuri, na nilikuwa namwangalia yeye zaidi kuliko kitambaa. Nilipofungua baada ya kushona ndipo nikaona.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nilisimama pale. Akaniita nimpelekee. Nikamwekea mapajani, akapitisha vidole juu ya mshono wa kona hii, polepole, akaenda na pindo mpaka kona ile. Akarudi tena kwa ukingo wa nje, mwanzo mpaka mwisho.

Akaniuliza, "Wamekutana?"

Nikamwambia, "Wamekutana."

Akasema, "Imekaa vizuri, fundi wangu," akanirudishia.

Baada ya hapo ilikuwa siku chache tu. Sikulia, mama, ni kweli walivyosema. Nilikuwa nafikiria ndege. Hata kaburini nilikuwa nafikiria kwamba kaondoka na neno langu na neno lenyewe si kweli. Ndiyo maana nataka kitambaa. Nikizirekebisha zile kona mbili, nitakuwa sikumdanganya, nitakuwa nilimwambia mapema tu.

Wewe nilikuficha.

Fundi


25 Agosti

Mkwe wangu,

Mzee ni mzima. Bustani ya jirani imerudi. Haya ndiyo ya nyumbani, sina mengine.

Nilikasirika. Ujue hivyo. Barua yako ilikaa chini ya mto, kila nikishika kalamu nilichoandika kilikuwa matusi, nikawa nachana. Mwanangu alipofuka na mimi namuuliza kwenye simu anashona rangi gani. Ananijibu bluu. Namwambia itapendeza. Mlinifanya nikaongea hivyo. Nilimsomea Mzee barua yako kwa sauti kubwa na safari hii hakukizima kifaa. Alisikiliza yote, akasema, "Basi alikuwa na mtu wa kumtungia uzi." Akaenda getini.

Nimekuongopea na mimi. Kitambaa hakikwisha. Kuna pazia, la chumba alicholala akiwa msichana, kile kitambaa chenyewe. Lilikuwa linaning'inia dirishani siku nilipokuandikia kuwa kilikwisha. Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba kuna jambo, na nilisema sikati pazia langu mpaka niambiwe. Umeniambia. Jana nimelishusha, nimekata upande mmoja, urefu wa kutosha pindo na ziada ya kukosea. Limo humu pamoja na blanketi. Fumua ushone, ukitaka.

Ila kabla hujashika mkasi nisikilize, maana hili hulijui, na ningeweza kukunyima kwa hasira, nimeshindwa.

Nilipokuwa namfundisha Kitinda umeme kwetu ulikuwa ukikatika jioni, na mimi siwashi mshumaa karibu na vitambaa vya watu. Kwa hiyo tulishona bila kuona. Ndiyo sababu ukingo mgumu wa kiwandani hatuukati. Ni wa vidole. Nilikuwa namwambia ukingo mgumu nje, ukingo mgumu nje, mpaka akawa ananiigiza mbele ya wageni. Ukipapasa pembeni ukaukuta, ndege wamesimama. Ukikuta nyuzi laini, zimefumukafumuka, ndege wako kichwa chini, umegeuza, anza upya. Aliyajua hayo kabla hajajua kupika chai.

Umeniandikia mwenyewe kwamba alirudi kwa ukingo wa nje, mwanzo mpaka mwisho. Nilipolisoma hilo nilikwenda kwenye blanketi nikafanya hivyohivyo. Mapindo matatu, ukingo mgumu. La kwako ni nyuzi, na ule ukingo umeuzika ndani ya mshono, mnene, unahisika hata kwa vidole vyangu vyenye sugu.

Alijua, mwanangu. Alijua kabla hajakuuliza.

Usichukue neno langu. Fumba macho upapase.

Mama mkweo


14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Shikamoo Mzee.

Mzigo ulifika Jumamosi. Jumapili asubuhi nililitandika kitandani, nikakaa upande wake, nikafumba macho. Nilianza na pindo la mlangoni, nikazunguka. La kwanza gumu. La pili gumu. La tatu gumu, pale penye kona pameyumba kidogo, alikuwa haoni tena. Nikaingia kwenye langu. Halihitaji mtu aliyefundishwa, mama. Hata mimi mwenye mikono ya saruji sikuhitaji kurudia. Yeye alirudia.

Nimefikiria kwa nini aliniuliza kama alikuwa anajua. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme, ili na yeye aseme imekaa vizuri, yaishe hapo.

Nililia. Nilianza kabla ya saa sita na jirani akaja kugonga, nikashindwa kumfungulia. Leo macho bado yamevimba, duka la dawa wamenipa matone bure wakidhani ni vumbi la vigae.

Sikufumua. Nimetia pamba na bitana, nimezungushia utepe pande tatu. Upande wa dirishani sijautia utepe, nimezishika zile nyuzi kwa sindano ya mkono tu zisizidi kufumuka. Nilikunja kipande cha pazia, nimekirudisha humu kama kilivyokuja. Kiunge tena kwenye pazia lake ulitundike dirishani, maana naja mwisho wa mwezi, nikae juma zima. Nitanyoosha njia ya getini, Mzee asiende upande zaidi ya alivyozoea. Blanketi nakuja nalo. Mchana nitakaa hapo mezani karibu na mlango, na wewe utanisimulia alivyokuwa akikuigiza.

Mwanao,
Fundi